Orodha ya Nyuma ya Kitabu

Nilipofungua mlango wa chumba nilimkuta binti yangu ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anatafuta viatu.

"Unaenda wapi?"

"Maktaba, Baba. Naenda mara moja nirudi."

"Rudisha miguu."

Aliirudisha, lakini polepole, vile mtu anavyorudisha dukani kitu alichokuwa ameshakipenda. Mke wangu alikuwa jikoni anamenya viazi, maji yanamwagika, na hakusikia lolote.

Nyumba hiyo ni ya kupanga, hapo Ruiru, ghorofa ya tatu. Ngazi ni hamsini na mbili. Nimezihesabu. Mwaka uliotangulia binti yangu alizishuka mbio na karatasi mkononi akiwahi ofisi ya chuo kabla haijafungwa, akiwa na mimba ya miezi mitano, na siku hiyo hiyo tukaipoteza. Kama ni ngazi, kama si ngazi, mimi si daktari. Sasa alikuwa na nyingine, miezi sita na kidogo, na daktari alikuwa amesema alale. Hakusema apumzike. Alisema alale, ubavu wa kushoto, ainuke kwenda choo tu. Mume wake huendesha malori ya kwenda Kampala na kupita hapo, kwa hivyo mke wangu alihamia Ruiru kumtunza. Mimi nilibaki kwetu Landless, Thika, nikijipikia chai ambayo hata paka angeikataa, na kila siku nikifunga duka nakwenda kuwaona.

Huyo binti namwita Mami. Ndiye msichana wetu wa kwanza, amebeba jina la mama yangu, na kwa desturi yetu nikimwita ni kama namwita mama aliyenizaa. Ukimkemea mtu wa aina hiyo unabaki na aibu kidogo wewe mwenyewe. Siku hiyo nilimkemea hata hivyo.

"Unataka kuniua?"

"Baba, nikikosa Jumatatu ijayo wananifuta."

Akanieleza. Alikuwa anasomea digrii ya pili na alikuwa amechelewa na tasnifu, na ule muda wote wa nyongeza wanaopewa watu alikuwa ameumaliza mwaka ule wa msiba. Sura ya pili ndiyo iliyokuwa imekwama. Hapo mwanafunzi hutakiwa kuonyesha wengine wamesema nini kabla yake juu ya jambo lile lile. Msimamizi wake alikuwa ameirudisha asubuhi hiyo na maneno machache: vyanzo vyako ni saba, na havijuani. Sura hiyo isipopokelewa kufikia Jumatatu, jina lake linatolewa kwenye orodha ya chuo. Na kwa sababu usajili wake ulikuwa unangoja hiyo sura, neno lake la siri la maktaba lilikuwa limefungwa. Akiwa kitandani na kompyuta yake aliweza kuona majina ya makala, lakini kuyafungua na kuyasoma hakuweza. Ndani ya chuo, kwenye kompyuta za maktaba, yangefunguka.

"Nitaenda mimi," nikasema.

Akacheka. Sikufurahia.

Mimi sikusoma. Nilitoka shule darasa la nne, na siombi mtu msamaha. Nimeuza spea za magari Thika zaidi ya miaka thelathini. Namba ya bearing ya gari ambalo halitengenezwi tena nitakutajia nikiwa natafuna. Mtu anayeweza kusoma namba zilizoandikwa kwa herufi ndogo kama chawa kwenye ubavu wa chuma chenye grisi anaweza kusoma jina na mwaka kwenye karatasi safi. Nilimwambia hivyo. Akaacha kucheka, akaniangalia, nikaona anapima ngazi kwa upande mmoja na mimi kwa upande mwingine.

"Sawa, Baba. Njoo karibu nikuonyeshe."

Kila kitabu cha wasomi, aliniambia, nyuma kina orodha ya kazi ambazo mwandishi alizitegemea. Ukipata kimoja kizuri kinachohusu jambo lako, geuza nyuma. Orodha itakupeleka kwa wengine, na wale nao wana orodha zao. Jina likijirudia kwenye orodha tatu nne, hilo litafute mpaka ulipate.

"Ni kama katalogi," nikasema. "Filta moja inakuonyesha kila kitu kinachoingia kwa injini ile ile."

"Kabisa. Halafu kuna njia ya pili. Unauliza ni nani amekitaja hicho kitabu baadaye, baada ya kuandikwa, na hapo—"

"Nimeelewa, Mami."

Sikuwa nimeelewa, ila ile ya kwanza ilikuwa imenipendeza sana, na neno "baadaye" halikunivutia. Kwa biashara yangu cha zamani ndicho orijino. Kinachokuja baadaye ni kopi, na kopi ya kopi inaua injini. Nimewaambia wateja hivyo maisha yangu yote.

Kesho yake sikufungua duka. Kwenye geti la chuo askari kijana alisoma mara mbili barua aliyoniandikia binti yangu, akaniangalia kofia mpaka viatu, akaniita babu kwa Kikuyu.

"Guka, umekuja kujiunga na first year?"

"Nimekuja kuona kama mnasoma ama mnalala."

"Haiya! Ingia, mkubwa. Lakini ukifeli usiseme ni mimi nilikufungulia."

Mkutubi alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, na kwa lafudhi yake nilijua ni mtu wa kutoka upande wa magharibi. Nilimwambia mambo yote wazi: binti yangu amelala, mimi ndiye miguu yake, na nina mpaka Jumatatu. Hakunihurumia, na kwa hilo nilimshukuru. Alinipa meza, akaniletea kitabu cha kwanza kwenye vile saba vya binti yangu, akasema, "Mzee wangu, hapa simu zinanyamazishwa."

Nilikuwa na daftari la dukani. Upande huu nikaandika jina, upande ule mwaka, katikati nikaweka alama kila nilipolikuta tena. Siku ya kwanza nilitoka na majina mengi na shingo inayouma. Siku ya pili jina moja lilikuwa na alama sita: ripoti ya zamani kuhusu wakulima wadogo wa kahawa. Mkutubi alinionyesha rafu ya chini kabisa. Ripoti ilikuwa na jalada jekundu lililopauka, na nilipoivuta nilijisikia kama siku niliyopata kichwa cha injini orijino katikati ya takataka za godauni. Nikageuza nyuma yake. Ilikuwa na orodha. Nikafuata hiyo pia. Nilikuwa narudi nyuma, nyuma zaidi, na kila mwaka ulivyopungua ndivyo nilivyojiona hodari.

Nilifika Ruiru siku ya Jumatano na rundo la karatasi zilizopigwa kopi. Nilipanda zile ngazi hamsini na mbili nikitabasamu peke yangu.

"Kazi hiyo hapo. Orijino tupu."

Binti yangu alizipitia akiwa amelala ubavu.  Kisha akasema, "Asante, Baba," akaanza kuandika, kompyuta imeegemea mto. Aliandika Alhamisi yote. Jioni akamtumia msimamizi wake aipime kwanza kabla ya Jumatatu.

Ijumaa nilikuwa dukani mke wangu aliponipigia. Hakusalimia.

"Njoo."

Nilimkuta Mami ameshusha miguu tena, uso umevimba kwa kulia, mkono mmoja tumboni. Mke wangu amesimama mlangoni kama askari, hataki kumpisha.

"Soma alichosema msimamizi," nikamwambia binti yangu.

Akanisomea kwa Kiswahili, sauti kavu. "Anasema sura hii inaishia pale swali lako linapoanza. Anasema hapa ndani kuna kahawa tu, hakuna ploti hata moja."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kazi yake ilikuwa juu ya wakulima wa Murera na sehemu zile za Juja, kwa nini waling'oa kahawa wakakata mashamba kuwa ploti za kujenga nyumba. Mimi nilikuwa nimemletea watu walioandika wakati kahawa bado imesimama shambani, barabara kubwa haijapanuliwa, na ukisema ploti Murera watu wanakucheka. Kitabu cha wakati ule kingetaja vipi jambo ambalo halijatokea?

"Kwani hukuona miaka?"

"Niliona, Baba."

"Na ukanyamaza?"

"Uliingia ukicheka. Sijakuona ukicheka hivyo tangu mwaka jana." Akafuta uso. "Na nilikuwa nimechoka. Nikasema labda zitatosha."

Akakunja uso, akashika tumbo kwa mikono miwili. Tulimlaza, mke wangu upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Tumbo lilikaza likawa gumu kama ubao, kisha likalegea. Tukangoja. Halikukaza tena, lakini hakuna aliyekaa chini.

"Ulienda kumtafutia vitabu ama kumtafutia ugonjwa?" mke wangu aliniuliza jikoni.

Nilirudi chumbani nikasimama tena upande wa miguu. 

Jumamosi nilikuwa maktaba kabla milango haijafunguliwa. Siku hiyo walikuwa wanafunga saa saba mchana. Nilimwambia mkutubi nilivyokosea, na kusema kweli hilo lilinigharimu zaidi ya siku mbili za kufunga duka.

"Mzee wangu," akasema, akivaa miwani, "ulikuwa unatembea ukiangalia nyuma tu. Orodha ya nyuma inakupeleka kwa waliotangulia. Sasa tuulize ni nani walikuja baadaye wakaitaja hii yako."

Akaandika jina la ile ripoti nyekundu kwenye kompyuta, akabonyeza mahali, na majina yakashuka kama mvua. Wote hao walikuwa wameitaja ile ripoti kwenye orodha zao, wengine mwaka huo huo tuliokuwa nao.

Nilikaa nikiangalia. Nilikuwa najua kitu hiki. Kiwanda kikiacha spea fulani, namba yake haifi. Kuna namba mpya inayochukua mahali pake, na muuzaji asiyefuata namba mpya anabaki na chuma ambacho hakuna anayekitaka. Mimi huwafanyia wateja hivyo kila siku, bila kuvaa miwani. Lakini kwa karatasi za binti yangu niliziba masikio kwa sababu ya majivuno.

"Hawa wote nichukue?"

"Hapana. Wengine wameitaja kwa mstari mmoja wakapita. Fungua, tafuta inapotajwa. Ikiwa mara moja tu, achana nayo. Ikiwa wanabishana nayo kila ukurasa, kaa hapo."

Kiingereza changu ni cha kununulia na kuuzia. Niliandika vichwa vya makala kwenye daftari herufi kwa herufi, nikatoka nje kwenye veranda, nikampigia Mami na kumsomea. Alikuwa macho.

"Hiyo ni ya majani chai, acha. Hiyo ni Uganda, acha. Rudia hiyo ya nne."

Nikarudia.

"Hiyo, Baba! Hiyo chukua! Inahusu kugawa mashamba. Halafu ukishaifungua, geuza nyuma yake pia. Huyo lazima ametaja wengine wa sasa."

"Nimeelewa," nikasema, na safari hii nilikuwa nimeelewa.

Nilirudi ndani nikanyamazisha simu. Ile ya nne ilinipeleka kwa mbili zilizokuwa nyuma yake, na moja ya hizo ilikuwa imetajwa na nyingine tatu mbele. Nilikuwa naenda nyuma na mbele sasa, kama mtu anayejaribu nati mpaka uzi ukamate. Saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu. Mkutubi alichapa karatasi moja moja. Tulifika makala tisa. Ya mwisho ilikuwa mpya kabisa, juu ya wamama waliouza mashamba ya kahawa ya waume zao marehemu, na hata mimi niliweza kuona jina Juja ndani yake.

Nilipotoa simu kuangalia saa, nilikuta mke wangu amenipigia mara kumi na moja.

Nilimpigia. Haikushikwa. Nikapiga tena. Haikushikwa. Mkutubi alikuwa ananiangalia.

"Enda, Mzee wangu. Karatasi hizi hapa. Kompyuta nitazima mwenyewe."

Mke wangu alishika nikiwa nimefika barabarani. Walikuwa hospitali, ile ndogo iliyo karibu na nyumba. Tumbo lilianza kukaza tena na halikuacha. Majirani wawili walimbeba binti yangu kwa kiti cha plastiki ngazi zote, hakukanyaga hata moja. Nilimwuliza jambo moja tu.

"Bado iko?"

"Iko. Wamempa dawa. Wanangoja kuona."

Nilimkuta mke wangu kwenye benchi nje ya wodi, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Aliona karatasi mkononi mwangu.

"Hizo ficha," akasema. "Asizione. Chuo kitakuwepo."

Nikaziweka ndani ya koti, nikafunga vifungo. Nilikubaliana naye kabisa. Nikaingia.

Mami alikuwa amelala ubavu wa kushoto, sindano mkononi, midomo imekauka.

"Umepata?"

"Tulia kwanza."

"Umepata, Baba. Naona vile umefunga koti na joto hili."

"Daktari amesema utulie, Mami."

"Nitatulia vipi? Ukinificha nitalala hapa nikipanga vile nitatoroka Jumatatu. Na unajua nitatoroka. Unajua nimetoa wapi hicho kichwa kigumu."

Nilijua. Nilisimama hapo kama nguzo. Nikimpa, labda nampa kazi inayoua. Nikimnyima, labda anainuka. Hakuna mtu wa kunisomea hiyo kwenye orodha yoyote. Nikafungua koti.

Siku ya pili yake, Jumapili, sikwenda kanisani. Dawa ilikuwa imeshika, tumbo limelegea, na daktari alisema akae pale siku chache zaidi wamwangalie. Nilivuta kiti karibu na kitanda nikawa namshikia karatasi mbele ya macho, nageuza ukurasa akitikisa kidole. Akishamaliza moja anaongea na simu, nayo simu inaandika yenyewe anachosema. Sikujua simu inaweza hivyo. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma daftari: huyu amemtaja huyu, huyu amebishana na yule. Aliziunganisha zile karatasi zangu za zamani na hizi mpya, na aliponieleza nikaona hazikuwa takataka, zilihitaji tu watoto wao.

Nesi akaja, mikono kiunoni.

"Hapa ni wodi ama ni darasa?"

"Sista, tupe saa moja," binti yangu akasema.

"Nusu. Na wewe guka, ukimpandisha presha nakutoa na hicho kiti."

Kila akinyamaza kidogo niliangalia tumbo. Akipumua kwa nguvu niliangalia tumbo. Sijawahi kuchoka hivyo nikiwa nimekaa.

Jumatatu saa nne asubuhi aliituma sura yake. Kisha akalala, usingizi mzito wa kwanza kwa wiki nzima, na mimi nikabaki nimeshika simu yake kama mtu aliyepewa yai. Saa tisa mchana simu ikalia. Nilitoka nayo nje.

"Naongea na nani?" sauti ya mwanamume ikauliza, na nikajua ni msimamizi.

"Babake. Amelala, na siwezi kumwamsha."

"Aa. Mwambie sura nimeipokea na nimeipeleka idarani. Safari hii vyanzo vinaongea. Kuna marekebisho kidogo, aje ofisini kesho tuyapitie."

"Haji."

"Samahani?"

"Yuko hospitali. Nitakuja mimi."

Jumanne nilikaa mbele yake. Ni kijana, ana tai, mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Alijaribu kuniambia haya ni mambo ya kitaaluma na ni bora angeyaandika yeye amtumie binti yangu kwenye simu.

"Kwenye simu atayaona yote mara moja," nikamwambia, "na atainuka. Wewe sema, nitaandika."

Akasema, nikaandika. Akisema haraka nilimwambia arudie. Yalikuwa marekebisho matano. Mwisho akaomba kuona daftari langu, akaligeuza kurasa, alama na mishale yangu yote.

"Hii ya mwisho, ya wamama wa Juja. Nani ameitaja?"

"Hakuna bado. Imetoka juzi."

"Basi binti yako atakuwa wa kwanza," akasema, akanirudishia.

Nilirudi hospitali nikampa Mami marekebisho matatu, yale mepesi. Mawili yalikuwa makubwa, ya kukaa kitako na kuandika upya, na hayo nilikaa nayo mfukoni wiki mbili nzima, mpaka aliporudi nyumbani na daktari akasema tumbo limetulia vizuri.

"Msimamizi alisema ni matano," akaniambia siku hiyo. "Yale mawili yako wapi?"

Nikamwambia niliyaandika vibaya, mwandiko wangu mwenyewe ulinishinda kusoma. Mimi, ninayesoma namba chini ya grisi. Aliniangalia sana. Hakuniamini hata kidogo, lakini alinyoosha mkono achukue daftari bila kuinua kichwa kwenye mto, na wiki saba baadaye tulikuwa na mtoto wa kike.